Baada ya Hukumu, Nani Aseme?

Karani alipoita jina lake, alisimama, akasogea mbele ya meza ya mahakimu, akakunjua karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Ilikuwa imejaa pande zote mbili, kwa herufi ndogo zilizobanana. Rais wa mahakama alimwuliza wakili wake yuko wapi.

"Bwana Prezida, leo nitasema mwenyewe."

Nilikuwa katika chumba hicho, hapa Lubumbashi, kwa jambo jingine kabisa. Nilikuwa nimemsindikiza mama mmoja wa kanisa letu ambaye kesi ya mwanawe iliandikwa karibu na mwisho wa orodha ya siku hiyo, nasi tulikuwa tumekaa kwenye benchi tangu asubuhi, tukisikiliza kesi za watu wengine zikipita kwa Kifaransa cha haraka. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuhukumiwa katika ngazi ya kwanza, na sasa alikuwa ameletwa kutoka gerezani kwa ajili ya rufaa yake. Alipojibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti isiyotetemeka, hata waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa.

Hakimu hakumkaripia. Alimwuliza tena kama ameelewa anachokiomba, kisha akaligeukia benchi la mawakili na kumwomba mmoja wao amsaidie papo hapo. Wakili alisimama kwa heshima, akalipokea faili, akaanza kupekua kurasa ambazo hakuwahi kuziona. Mfungwa, akimwita kwa jina la heshima la mawakili, akasema: "Ninamshukuru Metre, lakini Metre haijui kesi yangu." Mwishowe aliruhusiwa kuendelea.

Kwa kipimo cha sheria, alizungumza vibaya. Alianza na ugonjwa wa mama yake, akaenda kwenye watoto wake, akapita kwa jirani aliyemchukia kwa sababu ya kiwanja, na muda wake mwingi ukaisha bila kuligusa kosa lenyewe. Halafu, karibu na mwisho wa ukurasa wa pili, akasoma sentensi moja: kwamba hukumu inasema alikiri mbele ya polisi, lakini karatasi aliyoitia saini iliandikwa kwa Kifaransa, na hakuna aliyemsomea kwa lugha anayoielewa.

Wakili aliyekuwa amekataliwa alishika kalamu, akaandika.

Kesi iliahirishwa, nasi tukaendelea kusubiri zamu yetu. Lakini kwa majuma kadhaa sasa swali moja halijaniacha. Mtu akiisha kuhukumiwa, je, bado ana haki ya kusimama peke yake na kujisemea? Na haki hiyo, anapoitumia, inamwokoa au inamzamisha?

Katiba haikusita

Kwa upande wa maandishi, sisi Wakongomani hatuna sababu ya kulalamika. Ibara ya 19 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua, na inaongeza kwamba haki hiyo ni ya ngazi zote za mwenendo wa jinai, kuanzia uchunguzi wa polisi. Haikusema "mpaka siku ya hukumu". Rufaa ni ngazi, na mfungwa aliyehukumiwa bado ni mtu. Ibara ya 21 inamhakikishia kila mmoja haki ya kuipinga hukumu kwa njia ambazo sheria imeziweka.

Kuna tena ibara ya 61, ambayo ndugu zetu wa Goma wana sababu ya kuijua kuliko sisi. Inataja haki zisizoweza kusimamishwa kwa hali yoyote, hata nchi au jimbo likiwa katika utawala wa dharura, na miongoni mwake zimo haki za utetezi na haki ya kukata rufaa. Mwezi Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi, ibara hiyo haikufutwa. Mtu aliyehukumiwa na hakimu mwenye magwanda alibaki na kinywa chake.

Mlango unabana katika ngazi ya juu kabisa. Ombi la mfungwa la kuifikisha hukumu mbele ya Mahakama ya Kasasheni, huko Kinshasa, sharti litiwe saini na wakili aliyeandikishwa katika mahakama hiyo yenyewe. Naelewa sababu: Kasasheni haichunguzi upya nani aliiba na nani alishuhudia, inaangalia tu kama sheria ilifuatwa, na hiyo ni kazi ya fundi. Lakini kwa mfungwa wa Lubumbashi ambaye familia yake inapata shida kumletea unga, sharti la wakili wa Kinshasa linamfungia mlango hata kama halikuandikwa kwa nia hiyo.

Yaya alinikatalia

Nina yaya yangu, yaani mkubwa wangu kwa umri, tuliyekulia naye mtaa mmoja katika komini ya Katuba, ambaye amekuwa wakili kwa muda mrefu. Nilimweleza niliyoyaona, nikitarajia afurahie ushujaa wa yule mtu. Hakufurahi.

"Mdogo wangu, uliyemwona wewe alikuwa na bahati," alisema. "Mimi nimewaona wasiokuwa nayo."

Akanieleza jinsi mtu asiyejua sheria anavyoweza kukiri kosa jingine akidhani anajitetea, jinsi anavyomlaumu hakimu wa kwanza mbele ya wenzake, jinsi anavyotumia nafasi yake yote kubishana juu ya mambo yaliyokwisha kuthibitishwa na kuiacha kasoro ya utaratibu ambayo ingeiangusha hukumu nzima. Mfungwa, alisema, mara nyingi hajaliona hata faili lake mwenyewe. Anaijua kesi kama alivyoiishi, wakati mahakama ya rufaa inaijua kama ilivyoandikwa.

Kisha akasema jambo ambalo liliniumiza zaidi. Haki ya kusema peke yako, ikisifiwa kupita kiasi katika nchi maskini, humfurahisha yule ambaye angepaswa kulipia mawakili. Badala ya serikali kusema "hatukukupa mtetezi", itasema "ulichagua kujitetea".

Sikuwa na jibu.

Huko Marekani mahakama ilisema hapana

Nilianza kusoma jinsi wengine walivyolishughulikia swali hili, na sikutarajia nilichokikuta. Marekani, nchi ambayo inasifiwa kwa kumwacha mtu aamue mambo yake, imewahi kumkatalia mfungwa jambo ambalo Katiba yetu inampa.

Mwaka 1975, katika kesi ya Faretta dhidi ya California, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mshtakiwa anaweza kumkataa wakili wa serikali na kujitetea mwenyewe wakati wa kesi. Anthony Faretta alikuwa na sababu ambayo mtu yeyote wa hapa angeielewa: aliamini kwamba mawakili wa serikali walikuwa wamelemewa na kesi nyingi mno.

Miaka 25 baadaye akaja Martinez. Huyu alikuwa amejifunza sheria mwenyewe na kufanya kazi ya kuwasaidia mawakili. Alishtakiwa kwa kuchukua fedha za mteja, dola 6,000, akajitetea mwenyewe mbele ya baraza la wazee wa mahakama, akashindwa. Kwa sababu ya makosa yake ya zamani, alipewa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Alipotaka kujisemea tena katika rufaa, mahakama ya California ilimkatalia, na mwezi Januari 2000 Mahakama Kuu ikakubaliana na California.

Hoja ya Mahakama Kuu hiyo inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa maana ni hoja ya yaya yangu ikiwa imevaa joho. Kabla ya hukumu, mtu anahesabiwa kuwa hana hatia, na serikali ndiyo inayomvuta mahakamani. Huko kumlazimisha azungumze kwa kinywa cha mwingine ni kumvunjia heshima. Baada ya hukumu mambo yamegeuka. Dhana ya kutokuwa na hatia imeondoka, yeye ndiye anayeigonga milango ya mahakama, na haki ya kukata rufaa yenyewe imetokana na sheria ya kawaida, haikuandikwa katika Katiba yao. Kwa hiyo jimbo linaweza kuona kwamba manufaa ya rufaa iliyopangwa vizuri yanazidi uhuru wa mfungwa wa kujisemea. Mahakama iliyaachia majimbo ruhusa ya kuamua vinginevyo. Ilichokataa ni kusema kwamba Katiba ya Marekani inayalazimisha.

Niliposoma hayo, kwa muda nilihama upande wangu. Nilijiambia kwamba labda waandishi wa Katiba yetu walikuwa wakarimu mno.

Kilichonirudisha ni kesi nyingine, ya mwaka 1987, Pennsylvania dhidi ya Finley. Humo mahakama hiyohiyo ilisema kwamba mfungwa ambaye rufaa yake ya kwanza imekwisha, na ambaye sasa anaishambulia hukumu kwa njia zinazobaki, hana haki ya kikatiba ya kupewa wakili. Ziweke kesi hizo mbili pamoja. Katika rufaa ya kwanza mfungwa anaweza kukatazwa kusema peke yake. Katika hatua zinazofuata, zilizo ngumu zaidi kwa sheria, anaweza kuachwa peke yake. Kama kweli hofu ilikuwa kwamba mfungwa hawezi kupanga hoja zake, hofu hiyo ingepaswa kuongezeka kadiri njia inavyokuwa ngumu. Yeye mwenyewe hakuulizwa popote anataka nini.

Penseli ya Gideon

Kuna mfungwa mmoja ambaye naona anamjibu yaya na pia uamuzi wa kesi ya Martinez.

Clarence Earl Gideon alishtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja chumba cha mchezo wa biliadi huko Panama City, Florida. Aliomba wakili, hakimu akamkatalia kwa kuwa sheria ya jimbo ilitoa wakili kwa makosa ya kifo tu. Alijitetea, akahukumiwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli, katika karatasi za gereza, ombi kwa Mahakama Kuu ya nchi. Tarehe 18 Machi 1963 mahakama hiyo iliamua kwamba mshtakiwa asiye na uwezo lazima apewe wakili katika kesi za makosa makubwa. Kesi yake ilirudiwa mwezi Agosti mwaka huohuo, safari hii akiwa na wakili aliyepata muda wa kuwahoji mashahidi, na akaachiliwa.

Tazama utaratibu wake. Katika kesi ya kwanza alisema peke yake kwa sababu alinyimwa msaada, akashindwa. Baada ya hukumu alisema peke yake kwa hiari yake, akashinda. Na alichokishinda ni haki ya kutosema peke yake. Bila karatasi ile ya mfungwa, mawakili waliokuja kumtetea mbele ya Mahakama Kuu wasingejua kwamba yupo.

Tangu nilipoifikiria kesi hiyo, niliacha kumwona mfungwa anayejisemea na wakili kama watu wanaogombea kiti kimoja. Yule mtu wa Lubumbashi hakuihitaji mahakama isikilize kurasa mbili nzima. Alihitaji isikie sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwa katika faili ambalo wakili alilipekua haraka, kwa sababu faili lilisema kwamba alikiri. Asiyekuwepo chumbani mwa polisi hawezi kuijua kasoro hiyo isipokuwa aambiwe. Lakini pia asiyejua sheria hawezi kujua kwamba hiyo ndiyo sentensi ya kuanzia, na kwamba ibara ya 18 ya Katiba inaagiza anayekamatwa aelezwe mashtaka yake mara moja kwa lugha anayoielewa.

Ndiyo maana naona hakimu yule alifanya jambo la busara, ingawa muda ulikuwa mfupi mno. Alimwacha mfungwa aseme, na hakumfukuza wakili. Marekani wanao utaratibu wa wakili anayekaa pembeni, ambao Mahakama Kuu yao iliukubali mwaka 1984: anasaidia akiulizwa, anaeleza taratibu, lakini kesi inabaki mkononi mwa mwenyewe. Kwetu sheria haimzuii hakimu kumteua mtetezi, wala haimzuii kumpa mfungwa nafasi baada ya mtetezi kumaliza. Kinachokosekana ni wakili kulipata faili siku kadhaa kabla, na kumtembelea mfungwa.

Siku kumi

Hapa ndipo mawazo yangu yalipotua, na hapa ndipo ninapoona kwamba ubishi wa nani aseme unaficha ubishi mwingine.

Kanuni zetu za mwenendo wa jinai, ambazo msingi wake ni amri ya tarehe 6 Agosti 1959, zinampa aliyehukumiwa siku 10 za kukata rufaa. Kama alikuwepo mahakamani, siku hizo zinaanza kuhesabiwa hukumu inapotamkwa. Mwendesha mashtaka wa ngazi ya rufaa amepewa miezi 3. Yeye ana ofisi, ana karani, analala kwake. Mfungwa amesikia hukumu ikisomwa kwa Kifaransa, amerudishwa gerezani jioni hiyo, na sasa anangoja siku ya kutembelewa ili amwombe mke wake atafute nakala ya hukumu, ambayo bado haijachapwa.

Siku zinakwenda.

Anaweza kuwa na haki ya kusema mwenyewe katika ngazi zote. Lakini haki hiyo itamsaidia nini kama hajui kilichoandikwa dhidi yake, na kama tamko lake la rufaa limekwama njiani? Wamarekani walikutana na jambo hili mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack. Mfungwa wa Tennessee, asiye na wakili, aliukabidhi uongozi wa gereza taarifa yake ya rufaa zikiwa zimebaki siku 3 katika muda wa siku 30. Mahakama ikaipiga muhuri siku ya 31. Mahakama Kuu iliamua kwamba taarifa ihesabiwe kuwa imewasilishwa siku alipoikabidhi kwa askari, kwa sababu mfungwa hawezi kwenda mwenyewe kwa karani wala kufuatilia barua yake ikiisha kutoka mkononi mwake. Uamuzi huo haukuhitaji bajeti. Ulihitaji kuona hali ya mtu aliyefungwa kama ilivyo.

Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwezi Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 53 kwamba mfungwa awe na njia ya kuzipata hati za kesi yake, au aruhusiwe kukaa nazo, bila uongozi wa gereza kuzisoma. Ni jambo dogo mno kuliomba, na mtu aliyewahi kumtafutia ndugu yake nakala ya hukumu anajua ukubwa wake.

Sheria kwa lugha ya mfungwa

Ibara ya 142 ya Katiba inaiagiza serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu sheria itiwe saini. Kiswahili ni mojawapo. Kama agizo hilo lingetekelezwa, katika kila gereza kungekuwa na kitabu cha mwenendo wa jinai ambacho mfungwa wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kalemie angeweza kukisoma bila kumlipa mtu.

Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na wafungwa wenyewe. Palipo na watu wengi waliofungwa hapakosi mmoja aliyesoma, mara nyingine mwalimu au karani wa zamani, anayewaandikia wengine barua zao. Tennessee iliwahi kumwadhibu mfungwa wa namna hiyo, na mwaka 1969 Mahakama Kuu ilisema kwamba jimbo haliwezi kuwakataza wafungwa kusaidiana ikiwa halijawapa msaada mwingine wa maana. Ningependa viongozi wa magereza yetu wawaone watu hao kama msaada wanaopata bure, badala ya kuwashuku kwamba wanawafundisha wenzao ujanja.

Nilirudi kwa yaya na haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hofu yake haijaondoka, na kwa kweli yangu pia haijaondoka: serikali isiyolipa mawakili isipewe kisingizio. Tulichokubaliana ni kwamba kauli ya mfungwa "nitasema mwenyewe" isipokelewe kamwe kama jibu la kwanza na la mwisho. Hakimu amwulize kama ameonana na wakili yeyote, kama anayo nakala ya hukumu, na kama kuna aliyemsomea kwa lugha yake. Akijibu hapana kwa maswali hayo, basi bado hajachagua chochote. Aahirishiwe kesi, atafutiwe mtetezi, na akiisha kuonana naye aulizwe tena. Akijibu ndiyo, na bado anataka kusema, aachwe aseme, na asikilizwe.

Yaya amekubali kulipeleka suala la siku 10 kwa wenzake wa ofisi ya ushauri wa bure ya baro, chama cha mawakili. Pendekezo letu ni kwamba kila gereza liwe na daftari la matamko ya rufaa, ambamo mlinzi mkuu anaandika tarehe na saa mbele ya mfungwa, wote wawili wanatia saini, na mfungwa anabaki na nakala. Siku ya kuhesabiwa iwe ile ya daftari hilo, hata kama gari la gereza halikuwa na mafuta ya kufika mahakamani juma zima. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wangeweza kuanza kazi hiyo kesho, wakisomea wafungwa hukumu zao kwa Kiswahili katika siku hizo 10, chini ya uangalizi wa mawakili. Msomaji yeyote aliye katika kitivo hicho, au katika baro ya Goma au ya Bukavu, aniandikie, nimuunganishe na yaya.